Leseni ya Ngumi katika Bustani ya Shukrani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na atakayedhani anaijua ni shauri lake na moyo wake. Inaitwa Jamhuri ya Mteremko. Ni nchi nzuri sana. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ni kweli, na pili kwa sababu sheria inataka kila habari inayoihusu ianze na maneno hayo.

Kila taifa lina jambo lake la kujivunia. Wenzetu wana milima, wana dhahabu, wana timu ya taifa inayofunga mabao. Sisi tuna Kushusha. Mtumishi wa umma akizabwa kofi na mkubwa wake, kofi lile si lake. Ni mali ya serikali, limempitia tu. Anatakiwa alishushe kwa aliye chini yake kabla hajalala, na akilala nalo huyo ni mhujumu. Basi Mkuu wa Dola akiamka vibaya humzaba Waziri. Waziri humzaba Katibu, Katibu humtandika Mkurugenzi, Mkurugenzi humshukia karani, karani hutoka nje na kumtafuta mgambo. Mgambo ana rungu, na chini yake hakuna mtumishi mwingine. Chini yake tuko sisi. Kwa hiyo kitu kilichoondoka Ikulu asubuhi kikiwa kofi la kawaida hutufikia mchana kikiwa rungu la kisogoni, maana kila mtu njiani hukiongezea kidogo cha kwake, kama wachuuzi wanavyoongeza bei ya nyanya.

Mkubwa haguswi. Kofi hushuka, halipandi. Maneno hayo yamechongwa kwenye lango la Bunge, kwa herufi za shaba.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa hotuba serikalini mpaka nilipostaafu, kwa hiyo naijua lugha ya wakubwa na naipenda. Meno yangu mawili ya mbele yaliondoka mwaka ule bei ya mahindi ilipomkera Mkuu wa Dola. Sina kinyongo. Wapo wananchi wa vijijini ambao hawajawahi kufikiwa na huduma yoyote ya serikali.

*

Katika mji wetu mkuu kuna Bustani ya Shukrani, na katika bustani hiyo alikuwako Mwalimu Sikitu, mwanamke mwembamba, mrefu, aliyewahi kuwa bondia. Kila alfajiri alitufundisha mchezo wa ngumi sisi wazee, mama lishe, mafundi na wastaafu. Alikuwa na filimbi, kamba, na soksi iliyojazwa pumba, aliyoitundika kwenye tawi la mkungu. Soksi ilibembea, nasi tulipita chini yake tukikwepa.

"Kidevu chini," alikuwa akisema. "Usimtazame usoni anayekupiga. Usoni ana cheo tu. Mtazame begani. Mkono unadanganya, bega halidanganyi."

"Mwalimu, magoti yangu yamekwisha," alilalamika Bi Mwantumu, mwuza vitumbua.

"Kukwepa si magoti, mama. Kukwepa ni shingo na roho."

Hakutufundisha kwa ajili ya afya, ingawa ndivyo alivyoandika kwenye bango lake. Mdogo wake, Hamdu, aliuza karanga palepale bustanini. Siku moja kikao cha bei ya saruji kilikwenda vibaya huko juu, na kilichoshuka kilimkuta Hamdu amesimama na trei yake kichwani. Alikufa kabla ya magharibi. Mwalimu Sikitu alizika, akarudi bustanini, akatundika soksi. Alituambia wazi kwamba hakutaka kuzika mtu mwingine wa bustani ile, na sisi tulimwamini kwa sababu alikuwa analia aliposema.

Tulifundishika. Mzee Ndunguru, fundi viatu, mwenye mvi hadi kwenye masikio, alifika mahali akawa anakwepa rungu huku anapiga msumari kwenye soli. Mgambo walirusha, rungu likapita hewani, wakayumba na kuanguka kwenye maua. Kicheko tulikizuia kwa heshima.

Lakini ona matokeo. Kofi lisiloshuka linakwama. Mgambo walianza kulala na makofi yasiyofika, kinyume cha sheria. Wengine waliyashusha kwenye miti, na miti ikakauka. Karani akimzaba mgambo alikuta mgambo bado amejaa ya jana. Viporo vya makofi vilipanda ghorofa kwa ghorofa, kama choo kilichoziba. Wakurugenzi wakawa wanapishana kwenye korido na mashavu mekundu, hawana pa kuyapeleka. Nchi nzima ilikuwa katika hatari, na chanzo kilikuwa soksi ya pumba.

*

Waziri wa Viungo na Mapumziko, Mheshimiwa Tandawala, alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya wakati kila mwenye filimbi anajiita mwalimu. Leo mtu anafundisha watu kukwepa kofi. Kesho atawafundisha kukwepa kodi. Keshokutwa watakwepa hotuba. Kuanzia sasa, mkufunzi yeyote wa michezo katika bustani za umma atakuwa na leseni, na leseni haitolewi kwa maneno. Mkufunzi atathibitisha ufundi wake, kwa vitendo, mbele ya mtahini."

Tulipiga makofi, ya viganja.

Wa kwanza kutahiniwa alikuwa mwalimu wa mbio. Aliambiwa akimbie. Alikimbia vizuri mno, na mgambo, ambao wanajua kwamba anayekimbia ana lake jambo, walimkamata kwenye kona na kumvunja vifundo vya miguu. Cheti chake kinasema alifaulu mbio lakini hana vifaa. Wa pili alikuwa mwalimu wa karate. Walimpa tofali la serikali alivunje kwa mkono, akalivunja, wakamshtaki kwa uharibifu wa mali ya umma. Alipotoka, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinatazama kila upande. Hakulalamika kwa mtu. Alikwenda kuishi kwa dada yake, na sasa anafundisha kwa macho.

Ndipo zamu ya Mwalimu Sikitu ikafika. Nilimsindikiza kwenye ofisi ya Afisa Leseni, Bwana Lihame, mtu mpole wa sauti, mwenye tai ya kijani na kucha safi.

"Dada yangu, karibu," alisema Bwana Lihame. "Fani yako ni ngumi. Kanuni inataka ngumi ionekane imefika kwenye mwili wa mtahini."

"Kwa hiyo nikupige?"

"Ukinipiga utakuwa umepandisha kofi. Hilo ni kosa, utafungwa, na huko ndani utashushiwa ya gereza zima."

"Na nisipokupiga?"

"Utakuwa umefeli. Na ukionekana bustanini bila leseni utafungwa vilevile."

"Sasa mimi nifanyeje, kaka?"

"Andika jina kamili hapo, kwa herufi kubwa."

Tulipotoka nilimshauri aache. Nilimwambia ana mikono mizuri, anaweza kufuma vikapu.

"Nikiacha, mtakufa mmojammoja kama Hamdu," alinijibu. "Wewe ndiye wa kwanza. Bado unatazama nyuso za watu."

Ilikuwa kweli, na iliniuma.

*

Katika nchi nyingine suala hilo lingeishia hapo. Lakini Mteremko ina wataalamu. Walikaa hotelini, wakala, wakagundua kwamba kanuni haisemi mtahini awe mtu wa cheo gani. Wakakumbuka pia kwamba Mheshimiwa Tandawala aliwahi kutamba kwenye hotuba (niliipiga chapa mimi) kuwa ujanani alikuwa bondia wa kutisha. Watumishi wote wa wizara, ambao wamekula makofi ya Mheshimiwa kwa miaka, waliombwa wapendekeze jina la mtahini. Sijawahi kuona wizara ikikubaliana haraka namna ile.

Waziri alifurahi. Alisema atamkwepa mwanamke huyo mbele ya televisheni, na kukwepa kutarudi kuwa mali ya viongozi. Ilibaki shida moja, kwamba mwombaji lazima awe juu ya Waziri ili ngumi yake iwe inashuka. Na juu ya Waziri kuna kiti kimoja tu. Afisa Itifaki alipiga mahesabu yake akasema hapana tabu: Mkuu wa Dola atamvisha Mwalimu Sikitu mshipi wa dola, ambao ndio cheo chenyewe, kwa raundi moja, kisha Mwalimu atauvua na Mkuu auvae tena. Mkuu wa Dola alikubali. Aliambiwa atapata nafasi ya kupigwa picha amekaa kwenye nyasi kama mwananchi wa kawaida, jambo alilolitamani tangu uchaguzi uliopita.

Siku ilipofika bustani ilijaa. Walifunga kamba kuzunguka jukwaa. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, wenye beti kumi na moja, zote za shukrani. Mkuu wa Dola alivua mshipi, akamvisha Mwalimu Sikitu juu ya fulana yake ya mazoezi, akashuka jukwaani, akakaa kwenye nyasi, akatabasamu kwa wapiga picha. Sisi wanafunzi tulikuwa nyuma yake kidogo. Nilimwona kisogo kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ni kisogo cha kawaida.

"Anza," akasema Mheshimiwa Tandawala, amevaa glovu nyekundu.

Alirusha yeye kwanza, akisahau kwamba alikuja kukwepa na kwamba mshipi ulikuwa kwa mwenzake. Mwalimu Sikitu alisogeza kichwa. Akarusha tena, kichwa kikasogea tena, hata nywele hazikuguswa. Mheshimiwa alirusha mpaka jasho likamwingia machoni, mpaka akaanza kutoa sauti kama ya mlango mbovu. Mwalimu alikuwa anatazama bega. Kisha akapiga ngumi moja, ya mkono wa kulia, fupi.

Meno ya Mheshimiwa yaligonga kipaza sauti na nchi nzima ikayasikia. Alianguka chali, glovu juu. Damu ilitoka puani ikaingia kwenye kola ya shati jeupe. Mashahidi walikuwa wengi kuliko ilivyohitajika, na kwa kanuni leseni ilikuwa imepatikana palepale. Sisi tulikumbatiana. Bi Mwantumu alipiga kigelegele.

Basi tungekwenda nyumbani. Lakini Mheshimiwa Tandawala ni mtumishi mtiifu. Aliinuka kwa magoti, akamtafuta Katibu wake, akamshushia ngumi ile ikavunja pua. Katibu akamgeukia Mkurugenzi, akamng'oa jicho kutoka mahali pake. Mkurugenzi akampiga karani kwa kiti cha wageni. Karani, sikio likining'inia, akamkuta mgambo aliyesimama kando ya nyasi, akamkita kichwa kifuani. Na mgambo yule, kijana wa watu, mwenye mke na deni la kitanda, akainua rungu na kugeuka kumtafuta mwananchi wa karibu.

Mwananchi wa karibu alikuwa mzee mnene aliyekaa kwenye nyasi, hana mshipi.

Mgambo hakumtazama usoni. Alikuwa amefundishwa kutazama cheo, na cheo hakikuwapo. Akashusha la kwanza kwenye utosi, la pili shingoni, la tatu mgongoni, kwa ukamilifu, kama kazi inavyotaka. Mkuu wa Dola hakujua kukwepa, angejifunzia wapi? Alisema "Mimi ni" mara kadhaa, lakini hakumaliza. Wapiga picha waliendelea kupiga, maana walikuwa wameambiwa wasikose tukio la Mkuu akiwa na wananchi.

Ndipo kengele ya raundi ikalia. Afisa Itifaki alikimbia na mshipi, akaufunga kwenye kiuno cha mtu ambaye damu ilikuwa inamtoka masikioni. Akawa Mkuu wa Dola tena. Na alikuwa na kofi ndani yake, la kwanza katika maisha yake, wala hakuna kofi lililowahi kuwa na haraka ya kushuka kama lile.

"Wote," alisema.

*

Walifunga malango ya bustani. Mgambo wa mji mzima waliingia, na nyuma yao makarani, na nyuma yao wakurugenzi waliokuwa na viporo vya mwaka mzima. Sisi tulikuwa katikati. Rungu moja unaliona kwenye bega la mtu na unalipita. La pili unalipita. La tatu linatoka nyuma, na hakuna mwalimu duniani anayefundisha macho ya kisogoni. Tulifanya alilotufundisha kwa shida kama hiyo. Tuliweka migongo pamoja, kidevu chini, mikono juu ya vichwa. Wakavunja mikono. Mfupa wa mkono wa mzee hukatika kama mti wa muhogo, unasikia kabla hujaumia. Nilisikia wangu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa Bi Mwantumu, ambaye aliendelea kuwaita mgambo "wanangu" mpaka alipopoteza fahamu.

Mwalimu Sikitu hawakumpiga. Afisa Itifaki alikuwa bado hajaamua kama mtu aliyewahi kuwa Mkuu wa Dola, hata kwa raundi moja, anaweza kupigwa. Walimshika wanaume wanne jukwaani, wakamgeuza uso atazame. Alituita kwa majina, mmojammoja, akituambia upande gani rungu linatoka, mpaka sauti ikamkauka.

Walipochoka, tuliinuka tulioweza. Mzee Ndunguru hakuinuka. Alikuwa amelala kifudifudi, msumari bado uko mdomoni, kama alikuwa na kiatu cha kumaliza. Nilimpenda mzee yule na nasema hivyo bila kejeli.

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba wananchi wachache, kwa kukosa uzalendo, walivishambulia virungu vya serikali kwa kutumia mikono na vichwa. Virungu kadhaa vilipata nyufa. Gharama zitajulikana.

*

Wodini tulilazwa sambamba, mikono yote miwili imefungwa plasta na kutundikwa. Hatukuweza hata kujikuna. Mwalimu Sikitu alikuwa anatulisha uji, kitanda kwa kitanda, kijiko kwa kijiko. Alikuwa amemzika Mzee Ndunguru asubuhi ile, karibu na Hamdu.

Wakati wa kuona wagonjwa, Bwana Lihame aliingia na tai yake ya kijani na bahasha.

"Dada yangu, hongera," alisema. "Umefaulu. Leseni hii hapa, ya maisha, bustani nzima ni yako. Serikali haina kinyongo. Kuna sharti dogo tu. Hutafundisha tena kukwepa. Utafundisha Kupokea."

"Kupokea ni nini?"

"Mwananchi anasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Anapokea, anashukuru, anaendelea na shughuli zake. Tumefanya utafiti, kofi likipokelewa vizuri haliumizi sana. Hata yule mzee wenu wa viatu, angesimama wima, leo angekuwa anashona."

Mwalimu Sikitu aliweka bakuli la uji juu ya kabati. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Rudia hilo la mzee," alisema.

"Nasema kama angesimama..."

Hakuwa na mshipi. Hakuwa na cheo cha raundi wala cha dakika. Alikuwa mwananchi aliyesimama kwenye sakafu ya hospitali ya umma, na ngumi yake ilimpata afisa wa serikali kwenye taya, ikamwinua, ikamkalisha kwenye ndoo ya taka. Ilikuwa inapanda. Niliiona inapanda, na wagonjwa wote waliiona, na mpaka leo hatujakubaliana kama tulishangilia au tulilia.

Bwana Lihame alijitoa kwenye ndoo. Mshipa wa uso ulikuwa unamcheza. Kwa vile mkufunzi alikuwa amepandisha, yeye alitakiwa kuita mgambo, lakini kuita mgambo ni kukiri mbele ya watu kwamba kofi limepanda, na likishapanda mara moja likajulikana, nani atalirudisha? Alikuwa mtu mwenye akili. Aliona njia ni moja, alishushe hapohapo, kimya. Alimrushia Mwalimu, akapiga hewa. Alimrushia tena, akapiga chuma cha kitanda, kidole kikalia.

Akatugeukia sisi. Mikono yetu ilikuwa imevunjika, lakini shingo zilikuwa nzima. Alimwinamia Bi Mwantumu na kurusha. Bi Mwantumu akageuza kichwa kwenye mto, ngumi ikazama kwenye sufi. Alinijia mimi. Kwa mara ya kwanza maishani sikumtazama mtu wa serikali usoni. Nilitazama bega la koti lake, likanyanyuka, nikapeleka kichwa kushoto, na upepo wa ngumi ukanipita sikioni. Alikwenda kitanda kwa kitanda mpaka mwisho wa wodi, na kila mto ulipigwa, na hakuna uso uliopigwa. Manesi aliwatazama kwa tamaa. Lakini wao ni watu wa Wizara ya Afya, na kofi halivuki wizara bila barua.

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ililia. Alisimama mlangoni, taya limevimba, tai imegeukia mgongoni, leseni imebaki sakafuni.

"Nitakwenda nalo nyumbani," alituambia, kama mtu anayetishia.

Huko ndiko yanakoishia yale yote yaliyoshindikana ofisini, kila mtu anajua. Lakini mkewe, Bi Hawaiju, alikuwa akija bustanini kila Jumamosi alfajiri na kikapu, mume akidhani yuko sokoni. Alikuwa akisimama mstari wa mbele. Kukwepa alikwishahitimu zamani, na mwezi uliotangulia Mwalimu alikuwa ameanza kumfundisha mkono wa kulia.